Shamba la Roho Tatu

Eneas Considine aliposhuka kwenye farasi mbele ya jumba la Kilmoyle, kitu cha kwanza kilichomkera kilikuwa kijiti. Kapteni Piers Trenchford alikuja kumlaki akiwa na buti ndefu zinazong'aa, koti jekundu la jeshi na utepe mweusi wa msiba mkononi. Lakini kiganjani alishika ufito mbichi uliokatwa kichakani, gome lake bado na unyevu. Askari wa farasi aliyetumikia miaka kumi, anatembea na kijiti cha mchunga mbuzi! Considine alikitazama kijiti, akatazama pembeni, akampa mtumishi hatamu.

"Umechelewa, Considine," Kapteni alisema. "Muuaji tunaye. Tumemfungia chumba cha matandiko ya farasi. Wazee wa baraza nao nimekwisha kukuitia, wote kumi na wawili. Umebaki wewe kuandika tu."

"Kama kazi ni kuandika tu, mngemwita karani," Considine alijibu. "Huyo muuaji ana jina?"

"Jost Ruttle. Yule Mjerumani wa mtoni. Mwili wa ami yangu, Sir Ulick, umekutwa kitandani mwake."

"Kitandani?"

"Kitandani, umefunikwa gubigubi. Sasa niambie kama hapo pana fumbo."

Considine alimpita akaelekea mlangoni. Alikuwa mchunguza vifo wa kaunti ya Limerick. Mtu akifa kifo kisichoeleweka, ni yeye aliyewaapisha wazee kumi na wawili, akawaonyesha maiti, akawaitia mashahidi, na wao wakasema nani kaua. Aliyetajwa alipelekwa gerezani kungoja majaji na kamba. Kazi hiyo haikumpa marafiki. Baba yake aliiacha dini ya Kirumi ili asinyang'anywe shamba, na tangu siku hiyo Wakatoliki walimwita Eneas mtoto wa msaliti, na Waprotestanti wakawa wanahesabu Jumapili anazokwenda kanisani. Mtu anayeshukiwa na pande zote mbili hujifunza kushuku vizuri.

Ndani, Sir Ulick Trenchford alikuwa amelazwa juu ya meza ile ile aliyokula maisha yake yote, mshumaa kichwani, mshumaa miguuni, na sahani ya tumbaku na chumvi kifuani. Wanawake waombolezaji walinyamaza Considine alipoingia, wakachukua nafasi hiyo kuvuta viko vyao.

Sir Ulick alikuwa baroneti wa nne katika ukoo wake. Cheo alikirithi hajaota ndevu, pamoja na kiti cha bunge kule Dublin, ambacho familia ilikihesabu kuwa chake kama kabati la vyombo. Katika miaka yake yote bungeni alisimama kusema mara mbili: mara moja kuhusu siagi, na mara nyingine kuomba dirisha lifungwe. Kura yake aliwapa wakubwa wa serikali, nao wakampa divai. Huku nyumbani aligawa ahadi kama mtu anayelisha kuku: daraja kwa hawa, shule kwa wale, mkataba mpya kwa yule. Hakuna aliyemchukia, na hakuna aliyemwamini. Kisha uzee ulimbadilisha. Mwaka uliopita aliipinga serikali kwa kura yake, akarudi Kilmoyle akisema kwamba kabla hajafa atatimiza ahadi zake zote, moja baada ya nyingine. Watu walicheka sana. Halafu akaanza kutimiza, na kicheko kikaisha, hasa ndani ya jumba lake mwenyewe, alimokaa Kapteni, mrithi wake.

Wazee kumi na wawili waliingia wameshika kofia zao. Wa mbele alikuwa Mzee Garrett Teskey, mkulima mwenye mabega mapana na magoti mabovu, ambaye wenzake walimchagua kiongozi bila hata kuulizana. Kila mmoja alipita akaweka mkono kwenye paji la uso wa marehemu, kama desturi inavyotaka, maana inasemwa maiti hutoka damu ikiguswa na muuaji, kisha wakaapa mbele ya maiti kwamba watasema kweli. Considine aliwaapisha taratibu, neno kwa neno. Aliona kwamba wengi wao walimtazama Kapteni kabla ya kufungua midomo.

Wazee walipotoka, alimgeuza marehemu kichwa. Nyuma ya sikio palikuwa na shimo dogo la duara, la kuingia kidole gumba. Katika nywele za mvi palikuwa na manyoya ya bata, mengi, laini.

"Jembe la Ruttle," Kapteni alisema kutoka mlangoni. Hakuvuka kizingiti. "Na hili hapa lilikutwa kwenye ua wa miiba karibu na kivuko." Akarusha shati jeupe sakafuni. "Mashati Meupe, Considine. Wale wahuni wanaobomoa kuta zetu usiku. Ruttle ni wao."

Considine aliliokota shati akalinusa. Lilinuka wanga na kabati. Mikunjo ya pasi ilikuwa bado imesimama, na kwapani hapakuwa na alama ya jasho. Shati hilo halijawahi kuvaliwa na binadamu yeyote, mhuni wala mwungwana.

"Asante," alisema. "Nitalitunza."

Kapteni akaenda zake. Aliyebaki alikuwa Honora Quilty, mtunza nyumba, mwanamke mkavu aliyefunga shali hadi kidevuni. Ni yeye aliyemwosha marehemu.

"Mama Quilty, jembe hutoboa shimo la duara?"

"Mimi najua sufuria, bwana. Majembe sijui."

"Kapteni amemgusa ami yake?"

"Kapteni ana shughuli nyingi."

"Tangu jana?"

"Tangu jana amekuwa na shughuli nyingi, na zote ziko nje ya chumba hiki." Aliinama akanyoosha sanda ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Bwana Considine, mwenye macho nyumba hii leo, kesho hana kazi. Mimi sikuona kitu."

Considine alitoa kiko chake, akaomba kaa la moto aondoke nalo.

"Leo Mei Mosi," Honora alisema. "Moto hautoki nyumba hii na mgeni. Bahati iliyobaki itatoka nao."

"Imebaki bahati gani humu?"

"Kidogo sana, ndiyo maana siigawi." Akanyoosha kidole ukutani karibu na mlango, penye msumari mtupu. "Kila asubuhi nilikuwa nafuta vumbi mjeledi wa Kapteni pale. Ule wenye mpini wenye kichwa cha duara cha madini ya risasi. Jana na leo nafuta msumari."

Jost Ruttle alikuwa ameketi juu ya tandiko kuukuu, mikono imefungwa, uso umevimba kwa kulia. Lilikuwa jitu la mtu. Babu yake alishuka Ireland kutoka Ujerumani pamoja na Waprotestanti wenzake waliofukuzwa na vita, na wajukuu wao, ingawa walizaliwa hapa na kutukana kama watu wa hapa, bado waliitwa Wajerumani.

"Jost," Considine alisema, akabaki amesimama. "Mwili ulikutwa kitandani kwako, chini ya magodoro ya manyoya."

"Katikati, bwana. Moja chini, moja juu. Sisi ndivyo tunavyolala."

"Ulimkuta wapi?"

"Kivukoni, alfajiri ya jana. Amelala kifudifudi majini, maji ya kifundo cha mguu tu. Nikambeba."

"Hukupiga kelele. Hukuita mtu. Ulimbeba nyumbani, ukamficha mpaka mchana watu wa Kapteni walipokuja kumtafuta. Unajua hilo linasikikaje?"

"Sikumficha! Nilikuwa nampasha moto. Nilimwekea mawe ya moto miguuni, mke wangu akamsugua mikono. Nilijua ana baridi tu."

"Mtu ana shimo kichwani, wewe unasema ana baridi tu?"

Ruttle alimtazama kwa macho mekundu. "Ningepiga kelele, bwana, angekuwa amekufa."

Considine alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi. "Nieleze vizuri. Mimi si mtu wa kijiji hiki."

"Shamba letu ni la roho tatu. Babu alipewa na baba yake Sir Ulick. Mkataba unasema ardhi ya mtoni ni yetu maadamu mmoja kati ya watu watatu waliotajwa yu hai. Wote watatu wakifa, tunatoka siku hiyo hiyo. Babu alijitaja mwenyewe, akamtaja baba yangu, na wa tatu akamtaja mtoto mchanga wa jumba kubwa. Alisema watoto wa maskini hufa, lakini huyu ana ng'ombe watatu wa maziwa na daktari wake. Huyu ataishi."

"Sir Ulick."

"Babu alikufa. Baba akafa. Kwa miaka kumi na minane, bwana, nimekula kwa pumzi za yule mzee. Akikohoa Dublin, mimi huku silali. Kila baridi nampelekea mafuta ya bata bukini ajipake kifuani. Barafu ikiganda, namwagia mchanga ngazi zake asiteleze. Mke wangu ananitania, anasema, 'Jost, ungenipenda mimi nusu ya hivyo, ningekuwa nimenenepa.'" Akainua mikono iliyofungwa. "Nani alimtaka hai kuliko mimi? Nitajie mmoja tu!"

Considine hakutaka kumhurumia mapema. Watu waliokwisha kunyongwa nao walilia vizuri. "Labda alikuja kukutoa. Mkagombana."

"Alikuja kuniongezea! Aliniahidi roho mpya tangu uchaguzi uliopita. Nina binti, Barbara, hata meno hana. Sir Ulick akasema mezani kwake kwamba sasa atamwandika. Ila akasema haandiki roho asiyoiona kwa macho yake, kwa hiyo jioni ile alikuwa anakuja kwa miguu amwone mtoto. Mama Quilty aliniletea habari ili tuoke mkate. Tulingoja mpaka mkate ukapoa."

"Alisema mezani. Nani mwingine alikuwa mezani?"

"Kapteni. Nani mwingine hula mezani pale?"

"Na Mashati Meupe?"

Ruttle alitema mate. "Hao walinibomolea ukuta mwaka juzi wakaniita Mjerumani mla kabichi. Mimi nivae shati lao?"

Considine aliinuka akapiga mlango afunguliwe. Kwa shaka zake zote, hapo hakuwa na pa kuzitundika. Kumuua Sir Ulick kwa Ruttle kulikuwa sawa na kujichomea nyumba watoto wakiwa ndani. Lakini kujua nani hakuua si kujua nani aliua, na wazee wa baraza wangehitaji kitu cha kushika.

Alishuka kwa miguu kuelekea kivukoni. Hakufika. Njia yote ya mtoni ilikuwa imejaa maksai, wanene, wekundu, wenye matope hadi magotini, wanasogea kama watu wanaotoka kanisani. Mswagaji wao, bwana mfupi aliyeitwa Thady Mulcair, alimfokea bila kumtazama.

"Pisha, mzee! Hawa hawajui cheo cha mtu."

"Hata mimi sijui chao. Wanakwenda wapi?"

"Malisho ya mtoni. Kwa Ruttle."

Considine alisimama. "Kwa Ruttle? Yeye ndiye aliyewapangisha?"

"Ruttle gani! Tajiri wangu amekodi kwa Kapteni Trenchford. Kiangazi chote, kuanzia leo. Leo si Mei Mosi? Atakayechelewa leo atalisha ng'ombe wake mawe mpaka Novemba." Thady akampiga maksai mmoja matakoni kwa kiganja. "Walitemea mate viganjani wakagonganisha mikono, mimi nikiwa shahidi."

"Wapi?"

"Cashel, mnadani. Kapteni alikuja mwenyewe na farasi wake."

"Na nyinyi mmetoka Cashel lini?"

Thady sasa alimtazama, kama anayemtazama mjinga. "Bwana, hujawahi kuswaga? Ng'ombe wa kunona hakimbizwi. Ukimkimbiza, mafuta yote unayaacha barabarani, na tajiri anakukata kichwa. Polepole, wanakula, wanalala. Leo ni siku ya tano tuko njiani."

Maksai walipita. Sir Ulick aliuawa juzi jioni. Siku mbili kabla ya hapo, wakati yule mzee bado anakunywa divai yake na kusifu mkate wa Wajerumani, hawa walikuwa tayari wanatembea kuja kula shamba ambalo lisingefunguka ila kwa kifo chake.

"Mliambiwa nini kuhusu watu wenye shamba?" Considine aliuliza.

"Kwamba tutakuta nyumba tupu," Thady alisema. "Mbona, haiko tupu?"

Hapo Considine alihisi hasira, na hakujizuia kuihisi. Huyu Kapteni alikuwa amefikiri kila kitu: shati, ua wa miiba, Mjerumani wa kusingiziwa. Akasahau mwendo wa ng'ombe. Mei Mosi barabara zote za Ireland zimejaa mifugo, nani atamuuliza maksai ameondoka kwao lini? Asingeweza kungoja hata kidogo, maana malisho yakipita Mei Mosi bila mpangaji ni hasara ya mwaka mzima. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

"Thady," alisema, "wewe utakuja na mimi. Ng'ombe wako wasubiri hapa, na wasile hata jani moja upande ule wa ukuta."

Alimkuta Kapteni uani, mbele ya mlango wa ghala wazee walimokuwa wameketi. Alikuwa anapiga buti yake kwa kile kijiti.

"Unachezea muda, Considine. Wazee wana njaa."

"Kapteni, mjeledi wako uko wapi?"

"Umepotea."

"Lini?"

"Ningejua lini, usingepotea."

"Wenye mpini wa risasi, unaotoboa shimo la kuingia kidole gumba. Mama Quilty anaukumbuka. Nimekutana na maksai wa mpangaji wako pia. Wamechoka. Wametembea kutoka Cashel tangu kabla ami yako hajafa."

Kijiti kilisimama. Kapteni akatabasamu, na tabasamu hilo lilimtia Considine baridi kuliko tusi lolote.

"Unajua, wewe Considine, ni mwerevu kuliko nilivyodhani," alisema taratibu. "Nenda basi. Waambie hao wazee. Waambie yote. Lakini kwanza waulize mashamba yao yanaishi kwa pumzi ya nani."

"Unasema nini?"

"Mwaka niliozaliwa, ami yangu alikuwa anatafuta wapiga kura. Aliwapa baba zao mikataba, kijiji kizima, na wakulima wote ni wajanja namna moja. Roho ya tatu wakaandika mtoto mchanga wa jumba kubwa. Mtoto huyo ni mimi. Roho zao nyingine zimekwisha kuoza makaburini." Alinyoosha kijiti kuelekea ghala. "Wote kumi na wawili. Unadhani niliwaita ovyo? Mimi nikinyongwa asubuhi, mchana wao wako barabarani na watoto wao."

"Nitaita wengine."

"Wamekwisha kuapa mbele ya maiti, na wewe ndiye uliyewaapisha, taratibu, neno kwa neno. Sheria haikuruhusu kuwabadilisha kama soksi." Akamgusa Considine begani kwa kile kijiti. "Ruttle hana ardhi tena, vyovyote iwavyo. Mmoja amekwisha poteza kila kitu. Kwa nini wapoteze kumi na watatu? Fikiria, bwana."

Considine alifikiri. Kisha akamwita Thady, wakaingia ghalani.

Thady Mulcair alisema aliyoyajua, na alipoambiwa mwenye ardhi alikuwa hai walipoondoka Cashel, alivua kofia na kujifanyia ishara ya msalaba. Considine alilikunjua shati jipya mbele ya wazee, wakapokezana kunusa. Honora Quilty aliitwa. Alisimama mbele ya wazee, Kapteni akimtazama kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Mama Quilty," Considine alisema, "si lazima ukumbuke kila kitu."

"Nakumbuka vizuri," Honora alijibu. "Sir Ulick alitoka na fimbo yake na pipi mfukoni kwa ajili ya mtoto. Kapteni akachukua mjeledi msumarini akamfuata. Akarudi na buti zilizolowa, na mkono mtupu. Akaniambia nimmiminie divai. Nikammiminia, Mungu anisamehe."

"Mwanamke huyu nimemfukuza kazi," Kapteni alisema.

"Tangu lini?" Considine aliuliza.

"Tangu sasa."

Mzee mmoja nyuma alicheka kwa mshtuko, akajifunika mdomo. Wengine hawakucheka. Walikuwa wanaitazama mikono yao.

Ruttle naye akaletwa, akasimulia ya kivukoni na ya mawe ya moto. Hakuwasihi. Alisema tu kwamba Mzee Teskey anamjua tangu alipokuwa hajui kutembea, na Mzee Teskey akainamisha kichwa.

Considine alisimama kuwapa maneno ya mwisho. Kwa kawaida alikuwa na hotuba yake, fupi, iliyonyooka, aliyoitoa kila mahali. Safari hii hakuitumia.

"Wazee, mmesikia. Ruttle hakuwa na sababu ya kumuua mtu aliyemlisha. Mwingine alikuwa nayo, na aliikodisha sababu hiyo mnadani Cashel kabla hata hajaua. Najua mikataba yenu. Nimeambiwa leo, na aliyeniambia alicheka. Siwezi kuwaambia kwamba si kitu. Mkisema aliua mtu asiyejulikana, Ruttle atakwenda nyumbani kufunga mizigo, nanyi mtabaki na mashamba yenu, na hakuna sheria itakayowagusa. Mkimtaja aliyeua, mnajua mtakachopoteza kuliko mimi. Mimi kazi yangu ni kuandika mtakalosema. Semeni mnachokijua."

Aliwaacha ndani, akasimama nje ukutani na kiko kisicho na moto. Ruttle aliketi chini karibu naye, bado amefungwa. Kutoka ghalani zilisikika sauti, moja ya juu sana, ya mtu anayelia au anayegomba. Mara mbili jina la mtoto fulani lilitajwa, kisha lingine. Kapteni alikuwa ametandika farasi wake, lakini hakupanda. Hakuona haja.

"Watasema nini, bwana?" Ruttle aliuliza.

"Sijui."

"Mimi ningekuwa ndani," Ruttle alisema, "na shamba langu liko kwenye shingo yake, sijui ningesema nini. Kweli tupu. Usiwachukie."

Mlango ulifunguliwa. Mzee Garrett Teskey alitoka wa kwanza, magoti yake yakimsumbua, na wengine wakamfuata wamebanana. Nyuso zao zilikuwa zimepauka. Mmoja alikuwa amefunika uso kwa kofia.

Considine alikaa kwenye meza iliyowekwa uani, akachovya kalamu ya manyoya. "Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana, bwana. Wote."

"Sir Ulick Trenchford alikufaje?"

"Aliuawa. Kwa kupigwa nyuma ya kichwa."

"Na nani?"

Mzee Teskey alishika ukingo wa meza. Alimtazama Ruttle chini pale, akamtazama Kapteni aliyesimama na mkono juu ya tandiko, ametulia kama mtu aliyekwisha lipwa.

"Kapteni Piers Trenchford," alisema.

Kapteni aliachia tandiko. "Garrett! Umerukwa na akili? Unajua unajifanyia nini? Unajua nyumba yako..."

Mzee Teskey hakugeuka. Alikuwa ameegemea meza kwa mikono yote miwili, machozi yanamdondokea kwenye karatasi, na aliinama karibu na sikio la Considine.

"Andika, bwana," alisema. "Andika upesi, kabla hatujarudi nyumbani tukawaona watoto."